Bunduki Iliyoua Upesi Mno

Mwaka wa pili wa kijiji chetu, mimi na baba yangu tulitumwa Tabora mjini kuchagua bunduki. Nasema tulitumwa kwa makusudi, kwa sababu kabla ya hapo baba hakuwahi kutumwa na mtu yeyote katika mambo ya uwindaji. Alikuwa mwindaji na mrina asali katika misitu ya Ipole tangu ujana wake, na silaha aliyoijua ilikuwa gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, aliyoirithi kwa baba yake. Mimi nilikuwa binti yake wa mwisho, mwalimu mpya wa shule ya kijiji. Nilikuwa nimemaliza chuo, nikapitia kambi ya kujenga taifa, na huko nikafundishwa kulenga shabaha nikiwa nimelala kifudifudi juu ya mchanga. Mkutano wa kijiji uliona kwamba baba anajua wanyama na mimi najua karatasi, na kwamba tukiunganishwa tutatimia mtu mmoja mwenye maarifa ya kutosha.

Serikali ilikuwa imekiruhusu kijiji kiwe na bunduki moja ya kulinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, na kila msimu tungepewa kibali cha mnyama mmoja au wawili wa kitoweo. Wengine walifurahia ulinzi wa mahindi. Mimi, nakiri, nilikuwa na hamu nyingine iliyonikaa moyoni kuliko mahindi. Nilitaka bunduki ile ituondolee vyungu viwili.

Naomba nieleze habari ya vyungu. Kijiji chetu kilikusanya watu wa namna mbili. Tulikuwepo sisi tuliotoka msituni, wakulima wa mihogo na mahindi, Wamoravian na Wakatoliki. Walikuwepo pia waliohamia kutoka Kwihara na kingo za mji, Waislamu, mafundi na wachuuzi ambao babu zao walijenga kando ya njia ya misafara na kuwauzia wapagazi chakula. Siku za shamba la pamoja tulisimama wote katika mstari mmoja, tukapiga matuta kwa wimbo mmoja, jasho letu likaangukia udongo mmoja. Ilipofika saa sita mchana tuligawanyika bila kuambiwa. Upande mmoja wa shamba kulikuwa na chungu cha nyama ya porini, waliyoileta vijana wetu. Upande wa pili kulikuwa na chungu cha maharage, kwa kuwa nyama ile haikuchinjwa na Mwislamu. Hakuna aliyenung'unika, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Ugomvi unaweza kuitishiwa mkutano ukatatuliwa. Mgawanyiko wenye adabu hauna pa kushikwa.

Aliyelitaja jambo hilo waziwazi alikuwa fundi cherehani wetu, mzee aliyetoka Kwihara, ambaye pia ndiye aliyewachinjia watu kuku na mbuzi. Siku moja alinipita akiwa na sahani yake ya maharage, akasema, "Binti, ujamaa wenu ni mzuri sana. Tatizo lake unalala saa sita mchana."

Nilimfuata hadi kivulini kwake. Nilimwuliza kama angekubali kula nasi siku ya kufungua matuta ya msimu mpya, tukimletea mnyama wa porini achinje mwenyewe.

"Mnifikishe kwa mnyama akiwa hai," alisema, "kisu ninacho. Nami nikichinja, hawa wote nyuma yangu watakula."

Niliahidi. Nilikuwa katika umri wa kuahidi upesi.

*

Tulisafiri kwenda mjini juu ya lori la tumbaku, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani. Bwana Nyama, kama watu walivyomwita afisa wa wanyamapori, alitupokea katika ghala nyuma ya ofisi yake. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kujaza chumba. Alitandika gunia juu ya meza, akapanga bunduki tatu, akatuambia tuchague moja tu.

"Hii ya kwanza ni ya marisau," alisema. "Inamwaga vipande vidogo vidogo. Nzuri kwa kanga na nyani. Ukimpigia mnyama mkubwa utamkasirisha bure. Hii ya pili ni tatu-sifuri-tatu. Imepigana vita vya watu wengine na haijachoka. Risasi yake ni nyembamba, inakwenda mbali na inanyooka. Na hii," akaiinua ya tatu kwa mikono miwili kama anayembeba mgonjwa, "ni mia nne na nne. Askari wangu huichukua wanapomfuata tembo mkorofi. Tazama risasi yake."

Aliniwekea risasi kiganjani. Ilikuwa nzito, nene kuliko kidole changu cha shahada.

"Mnyama akipigwa na hii," alisema Bwana Nyama, "hasikii hata mlio."

Maneno hayo yalinishika. Nilikuwa nimeandika katika daftari langu, kwa hati nzuri, mambo ambayo bunduki ya kijiji cha kijamaa inapaswa kuyatimiza. La kwanza lilikuwa kwamba isimtese kiumbe. Nilikua nikimwona baba akiondoka alfajiri kufuata damu ya mnyama aliyempiga jana yake, na nikiwa chuoni nilianza kuona aibu kwa ajili ya damu ile ndefu, ingawa ndiyo iliyonilisha. La pili lilikuwa usalama: mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia vichakani, na vichakani ndiko mama zetu wanakookota kuni na uyoga. Kwa hesabu zangu zote, risasi nene ilikuwa jibu.

Baba hakuwa na daftari. Aliichukua tatu-sifuri-tatu, akaweka kitako begani, akalenga dirishani kunguru aliyetua juu ya bati la jirani.

"Hii inakaa," alisema.

"Inakaa wapi, Baba?"

"Begani. Kama mtoto aliyezoea mgongo." Kisha akaijaribu ile mia nne na nne, akairudisha mezani taratibu. "Hii ni mgeni aliyekuja na mizigo yake yote."

"Lakini itaua mara moja."

"Nimesikia."

"Baba, gobore lako humfukuza mnyama kutwa nzima akivuja damu. Je, hilo ni haki?"

Bwana Nyama aliinamia karatasi zake kama mtu ambaye hajasikia. Mimi mwenyewe nilishtuka kwa ukali wa swali langu. Baba alilifikiria kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila jambo aliloulizwa.

"Si haki," alisema. "Ila ndilo nililokuwa nalo."

"Leo tunaweza kuwa na lingine."

Aliitazama tatu-sifuri-tatu mara ya mwisho, akaisogeza pembeni kwa kidole. "Haya, Mwalimu. Tuchukue hiyo ya tembo. Ila ikikulaza chali mbele ya wanafunzi wako, usije ukalia kwangu."

Tulitia sahihi zetu, yeye kwa kidole gumba na mimi kwa kalamu. Baadaye tulikunywa chai na mandazi katika hoteli karibu na soko, bunduki ikiwa imeviringishwa katika blanketi kati ya magoti ya baba. Kila mpita njia aliyemfahamu alimwuliza kama amebeba mgonjwa. "Ni mkwe," alijibu. "Binti yangu amemchagua mwenyewe." Alicheka peke yake hadi chai ikamwagika. Sikumbuki siku nyingine niliyoketi na baba yangu mjini kwa raha namna ile, sote wawili tukiwa na hakika kwamba tumefanya jambo jema.

*

Kibali chetu kilikuwa cha wanyama wawili: kongoni mmoja wa kujaribia bunduki, na pofu mmoja kwa ajili ya siku ya matuta. Pofu ni swala mkubwa kama ng'ombe dume aliyenona. Mmoja tu angetosha kijiji kizima. Baba alishikilia kwamba tuanze na kongoni. "Silaha husomwa kabla ya kuaminiwa," alisema.

Tulikwenda watatu: baba, mimi na fundi cherehani, ambaye alipandisha kanzu yake hadi magotini na kuifunga kwa mshipi. Kisu chake kilikuwa ndani ya kitambaa safi. Kwa kuwa alihofia mlio wa bunduki ya tembo, tulimwacha nyuma kwenye kichaka, umbali wa kutosha kumwita. Baba aliwaona kongoni ukingoni mwa mbuga. Alinyata, akaegemeza mtutu kwenye panda ya mti, akafyatua.

Baba alikalishwa chini na ile bunduki. Kongoni naye alianguka pale pale, kama vile ardhi imeondolewa chini ya miguu yake. Hakupiga hata teke. Nilisimama nikiwa na furaha ambayo sasa naiona ya ajabu: hakuna damu ndefu, hakuna kufuata nyayo, kiumbe hakujua kilichompata. Daftari langu lilikuwa limesema kweli.

Fundi alikuja mbio, kanzu ikimpiga miguuni, kisu mkononi. Alipiga magoti. Aligusa jicho la kongoni kwa ncha ya kidole, akangoja, akaligusa tena. Akainua kichwa cha mnyama, akakiachia. Kisha akakiviringisha kisu chake katika kitambaa.

"Huyu ameshakwenda," alisema.

"Bado ana joto, Babu," nilisema.

"Hata chai ina joto, binti. Haiko hai."

Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango, kama jina la Mungu likitajwa wakati wa kufyatua lisingetosha. Alinijibu bila hasira. Alisema wako masheikh wanaosema hivyo na wako wanaokataa. Yeye hakusoma kiasi cha kuwaamua. Na zaidi ya hayo, aliyefyatua ni baba yangu, naye alichotaja baada ya kukalishwa chini hakikuwa jina la Mungu.

Baba alikuwa ameketi juu ya kichuguu akilisugua bega lake. Alikuwa na uso wa mtu aliyepotea njia ndani ya shamba lake mwenyewe.

"Maisha yangu yote ya kuwinda," alisema, "mnyama hajawahi kunifia upesi. Sikujua kwamba upesi nao ni tatizo."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu, na lilikuwa kosa la nyumba yetu hasa. Siku za gobore, kabla ya kijiji, mtu wa Kwihara aliyetaka nyama alifuatana na baba akiwa na kisu chake, na siku zote alikuwa na muda: mnyama alipofikiwa alikuwa amechoka lakini yu hai. Baba hakuwahi kulazimika kulifikiria jambo hilo, kwa sababu udhaifu wa gobore ulilifikiria kwa niaba yake. Mimi nilikuwa na elimu ya kuona ubaya wa gobore, lakini sikujua kazi iliyokuwa ikifanywa na ubaya ule. Nilikuwa nimetafuta huruma kwa mnyama, nikawafungia mlango nusu ya majirani zangu.

Kongoni aliliwa upande wetu, na upande wa pili wakala maharage. Jioni nilipokuwa nikiteka maji, mke wa fundi alinisalimu kwa uchangamfu, "Mwalimu, hamjambo na bunduki yenu ya Kikristo? Nasikia imebatizwa." Wanawake wote kisimani walicheka, nami nikacheka nao, ingawa nilikuwa nahesabu siku zilizobaki hadi kufungua matuta. Zilikuwa chache.

*

Tulirudi Tabora na blanketi letu. Bwana Nyama alitusikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akacheka hadi akaegemea ukuta.

"Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "watu hunirudishia bunduki kwa kuwa haiui. Ninyi ndio wa kwanza kunirudishia kwa kuwa inaua!"

Hata hivyo alikuwa mtu mwema. Alifuta sahihi zetu kwa mstari ulionyooka, akatuletea tatu-sifuri-tatu. Baba aliipokea, akaijaribu begani, akaiviringisha katika blanketi.

Lakini mimi sikuwa na amani. Ndani ya lori, tumbaku iliyobaki ikitunukia, nilimwambia baba kwamba tunafanya kosa la pili ili kusahihisha la kwanza. Sasa tumechagua kwa hiari bunduki itakayomwacha mnyama na uhai wa kumwumiza. Je, chungu kimoja kinastahili gharama hiyo, na gharama yenyewe ilipwe na mnyama, asiyekula katika chungu hicho?

Baba aliibana bunduki kati ya magoti yake.

"Wewe unapima unene wa risasi," alisema. "Pima umbali. Risasi nene ni ya mtu anayesimama mbali akatuma mauti. Hii nyembamba, ingawa huenda mbali, itakulazimisha usogee ili uchague mfupa. Ukisogea vya kutosha, na mzee akiwa ubavuni pako, si nyuma kichakani, kutoka risasi hadi kisu ni muda wa kusema sala ya meza."

"Na tukikosea?"

"Tukikosea tutamaliza kwa risasi ya pili, tule maharage wote. Hilo nakuahidi. Sitamwacha mnyama akingoja kwa ajili ya mkutano wako."

Nililitafakari jibu hilo siku nyingi, na sijaridhika nalo kabisa hata leo. Lakini lilikuwa jibu la mtu aliyewahi kutazama macho ya wanyama, nami nilikuwa nimetazama daftari. Nilikubali.

Tulikuwa na wiki mbili. Baba alichora duara la majivu kwenye kichuguu, akanifanya nilenge nikiwa nimelala, nikiwa nimepiga goti, nikiwa nimetoka kutambaa na pumzi imenipaa. Alikuwa ameamua kwamba nitapiga mimi. Sababu aliyoitoa ni kwamba mkono wake ulizoea gobore, ambalo hungoja kidogo kati ya kufyatua na kulipuka, na kwa bunduki hii isiyongoja angeweza kukosea kwa unene wa kidole. Kila risasi ilipogonga majivu alisema "eeh." Ilipokosa alisema "eeh" vile vile, kwa hiyo ilinibidi nitembee hadi kichuguuni kujua ukweli.

Mwanafunzi mgumu alikuwa fundi cherehani. Hakuna mtu awezaye kumtambalia pofu akiwa na kanzu, naye hakuwa na suruali ya kuchafua. Alijishonea moja kwa mabaki ya kaki ya sare za shule. Aliivaa asubuhi moja akapita nayo mbele ya darasa langu, na watoto wakasimama wakamwamkia "shikamoo mwalimu mkuu." Alikuwa pia na kikohozi kidogo cha muda mrefu, cha aina ile isiyomsumbua mtu ila anapoambiwa anyamaze. Baba alimpa sega la asali alitafune taratibu kila tulipofanya mazoezi ya kunyata.

"Jirani," fundi alimnong'oneza baba siku moja tukiwa tumelala vifua chini nyuma ya kichuguu, "ningejua ujamaa una asali, ningehamia mapema."

"Nyamaza. Wewe ni nyasi."

"Mimi ni nyasi," alikubali fundi, akaendelea kutafuna.

*

Siku mbili kabla ya matuta tuliwapata pofu katika uwazi wa msitu, kundi la saba, jua likiwa limechomoza vya kutosha kukausha umande. Baba alitoa majivu katika kifuko chake, akayaachia hewani; yalielea kurudi kwetu, upepo ukitoka kwao. Tulishuka magotini, kisha tumboni. Baba mbele, mimi katikati, fundi nyuma yangu akiwa na asali shavuni na kisu kikiwa mkononi tayari, kimetolewa kitambaani.

Sijawahi kusogea polepole namna ile. Tulipofika mahali ambapo kwa bunduki ya tembo tungekwisha kufyatua, baba hakusimama. Tulipofika mahali ambapo mimi ningesimama, hakusimama. Niliweza kuona mkunjo wa ngozi ukining'inia chini ya shingo ya dume la karibu na nzi waliotua juu yake. Niliweza kusikia goti lake likialika alipotembea, sauti ya kukatika kwa kijiti kikavu. Ndipo baba akaweka kiganja chake juu ya mgongo wangu.

"Si moyo," alinong'ona. "Moyo ni wa ile nyingine. Juu ya bega, mfupa unapopanda kuelekea shingo. Mvunjie kusimama, basi."

Nilivuta pumzi, nikaiachia nusu, kama nilivyofundishwa. Nilifyatua.

Pofu alikaa kwanza kwa nyuma, kama mzee anayetafuta kigoda, kisha akalala ubavu. Kabla mlio haujarudi kutoka msituni, mtu mwenye suruali ya kaki alikuwa ameshanipita. Sikuwa nimewahi kumwona fundi akikimbia hivyo, wala sikumwona tena baadaye. Baba alifika sambamba naye, akashika pembe zote mbili, akakaza mikono akaivuta shingo nyuma.

"Kibla!" alisema fundi, akihema. "Mgeuze kidogo."

"Nimgeuze huyu? Na ng'ombe wangapi wa kunisaidia?"

"Shingo basi. Shingo inatosha. Mungu anajua uzito wa pofu."

Walivuta pamoja, shingo ikaelekea kaskazini. Fundi alitaja jina la Mungu kwa sauti ya wazi, akapitisha kisu mara moja. Nilikuwa nimefika. Niliona jicho la mnyama likiwa bado na mwanga, kisha nikaona mwanga ukiondoka, na damu ikaruka kwa nguvu ya moyo uliokuwa ukidunda. Haikuzidi sala ya meza. Nilikuwa nimeisema kimoyomoyo, ili nijue.

Fundi alibaki amepiga magoti, kaki yote ikiwa imelowa. "Alhamdulillahi," alisema. Kisha sega la asali lililosahauliwa likampalia, akakohoa kikohozi chote alichokiweka akiba kwa wiki mbili. Baba alimpiga mgongoni hadi machozi yakawatoka wote wawili, sijui yepi ya kucheka.

Tulimfunika pofu kwa matawi, nikakimbia kuwaita watu. Walikuja na mapanga na miti ya kubebea, na kwa mara ya kwanza waliobeba hawakuwa wa upande mmoja. Nyama ile ilikatwa vipande virefu ikakaushwa juu ya moshi, ikingoja siku yake.

*

Siku ya kufungua matuta nilijua kila kitu kimepangwa. Nyama ilikuwapo, unga ulikuwapo, na nilikuwa nimeazima sufuria kubwa la kanisa. Nilikuwa nimeliinjika katikati ya shamba kwa mikono yangu mwenyewe, kati ya vile vivuli viwili, moto ukianza kushika, nilipomwona mke wa fundi akija na wanawake wawili. Walibeba sufuria kubwa kuliko langu, lile la pilau za harusi.

Alisimama, akachungulia ndani ya sufuria la kanisa, akalipiga kwa ukucha.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "hili tangu liletwe duniani limepika nini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Nikakumbuka sikukuu ya mavuno. Nikakumbuka nguruwe pori wawili walioliwa siku hiyo, na nyimbo zilizofuata.

"Ndivyo nilivyodhani," alisema. "Basi ondoa. Nyama tumechinja sisi, sufuria litatoka kwetu. Kuni zenu, mnyama wenu, mikono ya wote. Haya, mbona umesimama? Shika sikio hilo tuinue."

Waliokuwa kwenye mstari wa matuta waliegemea majembe yao wakacheka, nami uso ukaniwaka. Lakini sufuria la harusi lilikaa juu ya mafiga, na kabla ya saa sita harufu yake ilikuwa imefika mwisho wa shamba.

Watu walipopumzika, walikwenda kwanza kwenye vivuli vyao vya zamani, kila upande kwake, kwa mazoea ya miguu. Hilo lilinichoma kidogo. Lakini sufuria lilikuwa zito mno kuhamishwa, na lilikuwa juani katikati. Walikuja wakapakuliwa, wakarudi kivulini, wakaja kuongeza mchuzi, wakarudi, wakaja tena. Mara ya tatu wengi hawakuona sababu ya kurudi. Walichuchumaa pale pale kwenye matuta mabichi, sahani magotini, wakisukumana ili wasikae upande wa moshi.

Mimi nilikuwa bado sijaonja. Baba alishikilia desturi ya wawindaji wa kwao kwamba aliyeangusha mnyama wake mkubwa wa kwanza hali kabla ya wazee, nami nilisimama na mwiko nikiwapakulia, nikitazama. Yeye na fundi walikuwa wamegawana mfupa mmoja wa paja na walikuwa wakibishana kwa sauti iliyosikiwa na kila mtu.

"Nimemuua mimi," alisema fundi. "Binti yako alimwangusha tu."

"Na asingeanguka, kisu chako kingemfikia nani?"

"Ningemfuata."

"Kwa suruali hiyo?"

"Suruali hii imewinda kuliko koti lako la kanisani."

Baba alitafuna, akameza. Alikata kipande kinono kando ya mfupa, akaninyooshea kwa ncha ya kisu.

"Wazee wameshakula, mwanangu," alisema. "Weka mwiko chini."

Niliuweka. Fundi alinisogezea nafasi juu ya tuta, nikaketi kati yao, nikala.